Mtoto Aliyefichwa Hekaluni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni 2 Wafalme 11. Nawaomba msiishie hapo: endeleeni na 2 Nyakati 22 hadi 24, maana Nyakati kinasimulia mambo ambayo Wafalme hakikuyasimulia.

Athalia alikuwa binti wa Ahabu, mfalme wa Israeli. Aliolewa Yuda wakati Yehoshafati, mfalme wa Yuda, alipofanya ukwe na nyumba ya Ahabu, ndoa ya kuunganisha falme mbili. Mumewe Yehoramu alipokwisha kujiimarisha katika ufalme wa baba yake, aliwaua kwa upanga ndugu zake wote sita. Kwa hiyo miaka michache baadaye, wanahistoria wengi wanakadiria mwaka 841 K.K., Yehu, mfalme mpya wa Israeli, alipomuua Ahazia mwana wa Athalia, Athalia alifuata njia aliyoikuta imeshafyekwa. Aliinuka akaangamiza uzao wote wa kifalme. Hao walikuwa wajukuu zake. Bibi, ambaye kwetu mtoto humkimbilia mama yake akishika fimbo, ndiye aliyeagiza wauawe.

Hapa niseme jambo linaloniumiza. Jina la huyu mama, kama lile la Yezebeli, limegeuzwa fimbo ya kuwapigia wanawake wanaopewa uongozi kanisani. Someni sura nzima. Yehoramu alimwaga damu ya ndugu zake kabla ya mkewe. Abimeleki, katika Waamuzi 9, aliwaua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja. Tamaa ya kiti haichagui mwanamume wala mwanamke. Tena aliyemkomesha Athalia hapo mwanzo, siku wanaume wenye silaha walipokuwa wakitii amri, alikuwa mwanamke: Yehosheba, dada yake Ahazia na mke wa kuhani Yehoyada. Alimwiba Yoashi, mtoto wa kama mwaka mmoja, kutoka katikati ya wana wa mfalme waliokuwa wakiuawa. Akamtia katika chumba cha malazi pamoja na mlezi wake.

Mlezi huyo hakutajwa jina. Mfikirieni kidogo. Mtoto wa umri ule analia usiku, anaota meno, anapata homa, na nje kuna askari wa malkia. Kila kilio kingeweza kuwa cha mwisho kwao wote. Wakakaa hivyo nyumbani mwa BWANA miaka sita, na ile ahadi ya kwamba Daudi angepewa taa siku zote ikawa imebaki kwa mtoto mmoja na wanawake wawili waliojua kunyamaza.

Mwaka wa saba Yehoyada akawaita wakuu wa mamia, akawaapisha, akawapanga kwa zamu siku ya sabato, akawapa mikuki na ngao za mfalme Daudi zilizokuwa zimewekwa hekaluni. Mtoto akatolewa, akavikwa taji, akapewa ule ushuhuda, wakapiga makofi. Athalia akasikia kelele, akaja, akamwona amesimama karibu na nguzo. Akararua nguo zake akalia kwamba ni uhaini. Yeye!

Wengi wetu tunahubiri mpaka hapo, tunaimba, tunafunga. Mshairi mmoja wa Ufaransa hakuishia hapo. Jean Racine aliandika tamthilia juu ya sura hii, akaiita kwa jina la malkia huyo, na mwaka 1691 ikaigizwa na wasichana wa shule ya Saint-Cyr mbele ya mfalme Louis wa 14, mtawala aliyekuwa na nguvu kuliko wote Ulaya. Humo Athalia anaota ndoto: mtoto aliyevaa kitani anamchoma kwa kisu. Anaingia hekaluni, anamwona mtoto yuleyule. Anamhoji, na bila kutaka anamwonea huruma. Anamwahidi kumlea katika jumba lake kama mwanawe. Mtoto anauliza angemwachaje Baba aliye naye, na kwa mama wa namna gani!

Lakini mahali ninapoparudia mara kwa mara ni pale kuhani anapozungumza na mtoto kabla ya kumtawaza. Anamwambia kwamba amelelewa mbali na kiti cha enzi, hajui sumu iliyomo katika heshima ile, hajui ulevi wa mamlaka yasiyo na mipaka wala sauti tamu ya wanaosifia. Kisha anamtaka aape kwamba kati yake na maskini atamweka Mungu kuwa mwamuzi, akikumbuka kwamba naye, alipofichwa ndani ya kitani kile, alikuwa maskini kama wao na yatima kama wao. Maneno hayo yalisemwa mfalme mwenyewe ameketi anasikiliza. Ningependa kila ibada ya kumwingiza mtu kazini, awe askofu au mzee wa mtaa, iwe na maneno ya aina hiyo.

Racine alijua kwa nini kuhani aliogopa, kwa kuwa alikuwa amesoma 2 Nyakati 24. Yoashi alifanya mema siku zote za Yehoyada. Hata hekalu alilitengeneza. Yehoyada akafa akiwa na miaka 130. Ndipo unakuja mstari wa 17: wakuu wa Yuda walikuja, wakamsujudia mfalme, naye mfalme akawasikiliza. Hapakuhitajika jeshi. Watu walipiga magoti mbele yake, akafurahia, akafungua masikio. Nyumba ya BWANA ikaachwa. Na Zekaria mwana wa Yehoyada aliposimama kuwaonya, walimpiga kwa mawe kwa amri ya mfalme, uani mwa nyumba ya BWANA. Nyumba ileile iliyomficha miaka sita. Mtoto wa yule aliyemficha.

Sura hii inanitisha kuliko ya Athalia. Tumezoea kuamini kwamba aliyeonewa hawezi kuonea, kwamba aliyelala njaa atamkumbuka mwenye njaa akipata. Yoashi aliokolewa chini ya upanga na bado akaushika upanga uleule. Wema wake ulikuwa umesimama juu ya mtu mmoja aliyethubutu kumwambia hapana, na mtu huyo alipozikwa, hakukuwa na mwingine. Yoashi aliuawa na watumishi wake kitandani, wala hakuzikwa katika makaburi ya wafalme. Kuhani Yehoyada ndiye aliyezikwa humo.

Kwa hiyo wewe uliyepewa kiti, cha kwaya, cha kikundi cha akina mama, cha kijiji, cha familia baada ya mzee kufariki: ni nani anaweza kukukatalia mbele yako na kesho bado ukamsalimu? Mtaje kwa jina. Kama hayupo, anza kumtafuta wiki hii, na usimtafute miongoni mwa wanaokuita mheshimiwa.

Katika maombi ya pamoja tuwaombee wanaotutawala wapate watu wa kuwaambia kweli, na tuwaombee hao wanaosema kweli, maana Zekaria alikuwa na Roho wa Mungu na bado aliuawa. Tuwakumbuke pia walezi wasiotajwa majina, wanaowaficha watoto usiku huu mahali penye vita. Wiki ijayo tutaendelea na Amazia, mwana wa Yoashi, 2 Nyakati 25.