Piga hodi kwanza, CV baadaye

Mwaka jana ofisini kwetu walitangaza nafasi moja tu ya mhasibu msaidizi, mi sio mtu wa HR ila wiki ile nilikuwa na nafasi basi nikapewa kazi ya kupanga maombi, na nimeona mambo jamani. Imeili nyingi zilikuja tupu. Hakuna salamu, hakuna jina, sabjekti haina kitu, ni viambatanisho vitano tu, kimoja kinaitwa Scan0001 kingine IMG na minamba mirefu, sasa nikishavipakua mi nitajuaje cheti kipi cha nani?

Nawaelewa lakini. Shuleni tulifundishwa barua rasmi, anwani mbili, YAH: imepigiwa mstari, kwa hiyo mtu anaandika barua yake safi kabisa, anaenda kuiskani, akishaiambatanisha anaona kamaliza. Kumbe imeili yenyewe ndo hodi.

Na si lazima iwe ndefu, mi siku hizi naandika hivi tu:

"Habari. Naomba nafasi ya mhasibu msaidizi mliyoitangaza tarehe 3. Nina diploma ya uhasibu na nimefunga hesabu za duka la jumla kwa miaka miwili. Nimeambatanisha barua, CV na vyeti kwenye faili moja. Simu yangu ni hii hapa."

Basi. Sabjekti ni jina la nafasi na jina lako, kama tangazo lina kumbukumbu namba nayo iweke, na kama limeandikwa kwa Kiingereza jibu kwa Kiingereza. Faili iwe PDF, ile ya Word bosi akiifungulia kwenye simu mistari inaruka yote. (Kazi za serikalini hizi hazihusu, kule unaombea Ajira Portal, tovuti ya serikali ya Tanzania ya maombi ya kazi.)

Kilichoniuma zaidi ni dada mmoja ambaye vyeti vyake vilikuwa vizuri kuliko vya wote, ila maombi yalitumwa kwa imeili ya steshenari na kwenye CV hakuna namba ya simu. Tukajibu kumwita kwenye intavyuu, jibu likaenda kwa kijana wa steshenari, na unajua pale kwa siku anawatumia watu wangapi maombi yao. Hakutokea. Fungua ya kwako, ni bure, na iwe na jina lako sio mrembo_wa_tabata.

Msidhani nawacheka, mi mwenyewe nilipomaliza chuo niliandika barua moja nikaituma kampuni kumi na moja kwa mpigo, anwani zote zikionekana pale juu, na ndani nimeandika nitafurahi kuwahudumia wagonjwa wenu. Gmail unaweza kuiseti ikupe mpaka sekunde 30 za kurudisha imeili uliyotuma, mi nilikuja kushtuka kesho yake. Alijibu mmoja tu, kwa upole kabisa, akaniambia wao wanauza matairi.