Tone lililoangukia mkunjo

Jumatano, jioni

Katika kazi zote za rangi zinazobeba hesabu, kipepeo wa karatasi iliyokunjwa, yaani matone ya rangi ya upande mmoja yanayopiga chapa upande wa pili, ndiye asiyenichosha. Mtoto akikosea kukisia, karatasi yenyewe inamsahihisha, na mtu mzima anaweza kunyamaza.

Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80, haifai: inalowa, inajikunjakunja, mwisho inachanika. Chukua karatasi nene ya kuchorea. Ikunje katikati ingali kavu, ikunjue, kisha pitisha penseli juu ya mkunjo ili uonekane wazi. Rangi iwe nzito kiasi cha kuanguka tone kwa tone kutoka kwenye kijiko. Ikimiminika, ongeza rangi, usiongeze maji. Tone moja lilingane na kucha ya kidole kidogo, na kati ya tone na tone ipite nafasi ya vidole viwili. Yakikaribiana zaidi yataungana yakibanwa, na mtoto hataweza tena kuyahesabu.

Matone matatu, upande mmoja tu. Hapo simamisha kazi. Tukifunga na kufungua, yatakuwa mangapi? Wa miaka mitano atasema matatu, au manne, au sita. Yote yapokelewe kwa uso uleule. Halafu mpe penseli aweke alama upande mtupu, pale anapodhani kila tone litapiga chapa. Hapa ndipo kosa kubwa hujitokeza: tone lililo karibu na ukingo wa kushoto wa nusu yake, mtoto huliwekea alama kwenye ukingo wa kushoto wa nusu ya pili pia, kana kwamba picha imesukumwa tu kando. Kumbe itageuka. Lililo mbali na mkunjo litabaki mbali nao, lililo karibu litabaki karibu.

Funga. Bana kwa kiganja kuanzia kwenye mkunjo kwenda nje, bila kusugua, kwa sababu kusugua kunatapanya rangi. Hesabuni pamoja hadi tano, fungueni papo hapo. Ukichelewa, pande mbili zitagandana. Matone sita, na zile alama za penseli zinasema nani alikisia vipi.

Utamu wenyewe unakuja kwenye karatasi ya pili. Weka matone mawili upande mmoja na la tatu juu kabisa ya mkunjo. Watoto walioona sita watasema sita tena kwa kujiamini. Yanatoka matano. Wengine watadai karatasi imekosea. Waulize tu: hili la katikati, mwenzake yuko wapi? Baada ya muda mmoja atagundua kwamba limekutana na nafsi yake. Rudieni kwa tone moja na la katikati: matatu. Kwa matatu na la katikati: saba. Bila la katikati: mawili, manne, sita. Maneno shufwa (idadi yenye jozi kamili) na witiri (inayobakiza moja) yanaweza kusubiri. Sioni faida ya kuyataja mapema. Mtoto akishaliona tone lisilo na jozi, jina litapata mahali pa kukaa.

Vizibo vya chupa vinafaa kwa ruwaza, ila vichovywe upande ulio wazi, vitoe duara tupu. Duara hilo lina kazi ya pili: anapohesabu, mtoto anatia nukta ndani ya kila moja, hivyo haruki wala harudii. Nyekundu, nyekundu, bluu, kisha rudia. Ukitaka kujua kama ameielewa au ananakili rangi tu, funika duara moja katikati ya safu umuulize limefichwa la rangi gani.

Kwa wa miaka saba kwenda juu kuna kuchanganya. Vijiko vitatu vya njano na kimoja cha bluu, vyote vimesawazishwa kwa ukingo wa rula. Bluu iingie ndani ya njano, maana bluu ina nguvu na ukianza nayo utamaliza njano yote. Paka kijani hicho kwenye kipande cha karatasi na ukihifadhi. Sasa itakiwe rangi ileile, lakini nyingi zaidi. Wengi wataongeza kijiko kimoja kila upande: vinne na viwili. Waache wapake pembeni ya kile cha kwanza. Kitakuwa kijani kilichoiva zaidi, na hapo wenyewe wataanza kubishana kama ilipaswa kuwa sita na viwili.