Asubuhi niliyomkuta kakakuona kwenye shimo la tofali

Mbwa ndiye aliyeanza. Akisikia tembo, huwa anabweka huku akirudi nyuma mpaka mlangoni. Siku hiyo alisimama pale pale nyuma ya zizi, akabweka kwa sauti ya chini, ananyamaza, anabweka tena. Nikajua si tembo. Tunaishi tarafa ya Idodi, Iringa Vijijini, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tembo tunawajua vizuri. Mahindi yetu wameyala na migomba wameing'oa. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, shambani yamebaki mabua matupu.

Nilikuwa nimeshafungulia kuku, nimeshika ndoo ya maji ya mbuzi. Nyuma ya zizi tuna shimo tulilochimba udongo wa tofali, kina chake kinanifika kifuani, kuta zimesimama wima. Nikachungulia. Kwenye kona kulikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa kama mtungi, rangi ya udongo mkavu. Nikadhani watoto wametupa kitu. Kisha kile kitu kikapumua.

Magamba yalipanda na kushuka polepole, moja limelalia jingine kama vigae vya paa, kingo zake nyembamba na nyeupe kidogo kama ukucha. Kila alipopumua yalisuguana, yakatoa mlio mkavu mdogo sana, ambao nisingeusikia kama mbwa asingekuwa amenyamaza. Mchwa wawili walikuwa wanatembea mgongoni mwake. Nina miaka 42, nimezaliwa huku huku, na kakakuona nilikuwa nimemsikia tu kwa wazee. Nilichuchumaa ukingoni mpaka mbuzi wakaanza kulia kwa kiu.

Alivyofika pale ilieleweka. Ukingoni tulikuwa tumelundika mabua, nayo yalikuwa yamejaa mchwa. Alifuata chakula chake usiku, akateleza.

Nikamwita kijana wangu mkubwa, naye akawaita wenzake kwa furaha. Lilikuwa kosa langu kutomwambia anyamaze. Kabla ya saa mbili watu kama thelathini walikuwa wamezunguka shimo. Mmoja akamgusa kwa fimbo, mtoto akarusha jiwe, na kila mara yule mnyama akazidi kujikaza, mpaka huoni hata pua. Nilipiga kelele, nikasukuma watu, hakuna aliyenisikiliza. Mume wangu alikuwa safarini Makambako. Halafu kijana mmoja nisiyemfahamu akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, namjua mtu mjini ananunua magamba. Tumalize kabla mtendaji hajajua."

Hapo nikaogopa kweli. Kakakuona ni mali ya serikali, na ukikutwa na gamba lake tu bila kibali unaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi. Lakini nisiseme uongo, si sheria tu iliyonitia hofu. Yule mnyama hana meno, hang'ati, hakimbii. Silaha yake ni kujikunja, na mtu yeyote mwenye gunia anaweza kumwokota kama boga. Nikamjibu yule kijana, "Mtendaji anajua tayari." Hakuwa anajua. Nikaingia ndani, nikampigia.

Mtendaji akanipa namba ya askari wa wanyamapori, na maelezo ya askari yule ndiyo yaliyoniongoza siku nzima. Nisimguse. Nisimpe chakula, kwa sababu anakula sisimizi na mchwa tu. Nisimfungie popote, maana akifungiwa hufa upesi. Nimwekee kivuli, nichimbe mteremko upande ulio mbali naye, kisha nimwache atoke mwenyewe giza likiingia. "Na watu waondoke, mama," akasema. "Hilo ndilo kubwa."

Hilo ndilo lililonishinda, mpaka alipofika baba mdogo wa mume wangu.

Alikuja na kibuyu cha maji, bakuli la unga, jembe na mkuki wa baba yake. Kwa wazee wetu, kakakuona hajitokezi bure, analeta habari ya mwaka. Unaweka vitu mbele yake. Akigusa maji ni mvua, akigusa unga ni chakula, akiuendea mkuki ni vita. Mimi ni mtu wa kanisani, na kwa kweli nilitaka kumkatalia. Niliona ni fujo nyingine inaongezwa juu ya fujo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Yuko wapi mgeni?"

Nikamweleza kwamba askari amesema asiguswe, na hatatoka mpaka jua lizame. Akachungulia shimoni, akakaa kimya muda mrefu. "Hata zamani haguswi," akasema. "Na hatoki mbele ya watu wenye makelele." Kisha akawageukia watu wote, bila kupandisha sauti: "Nendeni nyumbani. Atakayetaka kusikia habari ya mwaka arudi jioni, akae chini, anyamaze."

Wakaondoka. Mpaka leo nikilikumbuka hilo namshukuru yule mzee.

Mimi na kijana wangu tukachimba kuanzia saa tatu. Udongo wa chini ulikuwa mgumu kama tofali lenyewe, ikabidi tulainishe kwa maji, kikombe kwa kikombe, ili yasitiririke upande wake. Tulikuwa tunachimba kidogo, tunapumzika, tunamtazama. Juu ya kona yake nilifunga kanga mbili kwenye miti. Mchana mara moja alilegea kidogo, nikaona ncha ya pua, yenye unyevu, inanusa hewa. Jembe la kijana wangu likagonga jiwe, pua ikarudi ndani. Baada ya hapo tulichimba kwa mikono na sahani.

Saa kumi askari wawili wakafika kwa pikipiki. Wakamkagua kwa macho, wakasema hana jeraha. Mmoja akakaa juu ya debe akawaeleza watoto kwamba duniani zipo aina nane za kakakuona, nne Afrika na nne Asia, na kwamba jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu na kumbeba juu ya mkia. Magamba yanayowaponza, akasema, yameumbwa kwa kitu kile kile cha kucha zetu. Biashara ya kimataifa ya aina zote nane imepigwa marufuku tangu 2017. Binti yangu akatazama kucha zake.

Jioni watu walirudi, na walikaa chini. Sijawahi kuona kijiji chetu kikinyamaza vile. Mzee alipanga vitu vyake juu ya mteremko, mbalimbali, akaacha njia katikati.

Ilitoka pua kwanza, kisha jicho dogo jeusi, kisha akajikunjua taratibu. Akapanda. Alipofika juu alisimama kwa miguu ya nyuma, mkia umenyooka nyuma yake, miguu ya mbele ameikunja kifuani kama mama aliyebeba kitu kwenye kanga. Akaupita mkuki. Kwenye unga akanusa, akaacha. Alipogeuka, mkia ukagonga kibuyu, maji yakamwagika.

"Mvua," mama mmoja akanong'ona nyuma yangu. Mzee alikuwa amefumba macho. Sikumuuliza.

Askari wakamfuata kwa mbali bila kuwasha tochi, mpaka alipoingia korongoni.

Kesho yake, nilipokwenda kufungulia mbuzi, nilikuta kichuguu kilicho ng'ambo ya korongo kimechimbwa, udongo wake mwekundu bado mbichi, na pembeni mstari wa mkia vumbini. Siku hiyo mbuzi niliwachunga upande mwingine. Ule mteremko upo mpaka sasa. Mume wangu aliporudi alitaka kuuziba, nikamwambia auache.