Basi sema

Leo Jumamosi na bado ninayo masikioni. Wiki hii kibali changu kimetoka hatimaye, binamu kaolewa Alhamisi usiku (hina mpaka viwikoni, nitaeleza siku nyingine), mvua imeangusha mwarobaini wa jirani, na mimi nimekaa barazani kwa shangazi hapa Likoni nikiyarudia maneno mawili ya mtoto wa miaka kumi.

Jumatatu, kipindi cha kusoma, Gredi ya Nne, darasa ambalo mimi Mtanzania wa Tanga nasaidia somo la Kiingereza. Nimesimama na kadi mkononi. Mtoto wa dawati la mwisho akainua mkono kwa adabu kabisa.

"Ticha, kwani Watanzania huongea Kiingereza?"

"Huongea, mbona?"

"Basi sema."

Hakuna aliyecheka papo hapo. Kicheko kilikuja kama mvua ya huku, unaisikia kwanza kwenye mabati ya jirani kabla haijafika kwako. Nami, badala ya kusema hicho Kiingereza, nikasema, "Fungueni ukurasa wa 32." Kwa Kiswahili. Mwalimu wa darasa alikuwa nyuma anasahihisha madaftari. Hakuinua hata uso: "Mwalimu, hapa Kiingereza tu."

Basi sema. Nimejaribu kuyasikia kama kejeli, hayakubali. Mtoto alitaka kusikia tu, kama unavyomwambia mtu aliyekueleza kwamba anajua kupiga mluzi.

Na swali lake lina msingi. Kwetu, shule ya msingi ya serikali tunasoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja kati ya mengine, halafu unaingia kidato cha kwanza unakuta baiolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza kwa mpigo. Huku mtaala unasema Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo, na kuanzia ya Nne Kiingereza kishike. Shule nyingi za kulipia hazingoji hata hiyo ya Nne. Yeye kwa hiyo amefanya sehemu na desimali kwa Kiingereza akiwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa na kumi na nne. Hakunitukana, alihesabu.

Wale mlioniandikia kuuliza mjiandae vipi mkitaka kuja kusaidia somo la Kiingereza Mombasa: jiandaeni Kiswahili. Sifanyi mzaha. Sisi wa Tanga hudhani tukishavuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga tumefika kwa ndugu, hakuna la kujifunza. Wiki yangu ya kwanza nilichora kadi ya "grandmother", na pembeni, kuwasaidia, nikaandika bibi. Darasa likaanguka. Kwao bibi ni mke wa mtu. Bibi yangu mimi wao humwita nyanya. Na hizo nyanya nilizozizoea mimi, ukienda sokoni na shangazi utasikia tungule. Kadi moja, makosa mawili, na picha yenyewe ya ajuza aliyeshika kikapu. Ile ya shangazi kuniita "Ndoo!", yaani njoo, nami nikampelekea ndoo ya maji, mmeshaicheka vya kutosha, siirudii. Sasa kadi zangu hazina Kiswahili kabisa. Nachora tu, na neno likigoma namuuliza mtoto mmoja huko nyumbani kwao huitwaje, ndipo naendelea.

(Mkutano uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja ya huku, kikaachwa, ulifanyika hapa hapa Mombasa, mwaka 1928. Nilipomwambia shangazi alisema, "Basi hao walikuwa wageni," akaendelea kukuna nazi.)

Jumanne usiku usingizi ulikataa. Shangazi alikuwa jikoni anagombana na muuza samaki kwenye simu juu ya kaa, halafu papo hapo akamwambia binamu aongeze kaa jikoni, na nikasikia kitu ambacho nimekuwa nikikipita miezi mitatu. Hayakuwa neno moja. Kaa wa baharini alimtoka na pumzi, kaa la moto halikuwa na pumzi. Nimeketi kitandani nikijisemea kaa, kaa, kaa, na yote mawili kwangu ni lile lile.

Sasa, pumzi hiyo ndiyo "p", "t" na "k" za Kiingereza zinayoitaka mwanzoni mwa neno. Mtoto akisema "pin" bila pumzi, sikio la Mwingereza huweza kusikia "bin". Nilikuwa nimeshapoteza vipindi viwili nikiwaambia "sema kwa nguvu", wakawa wanapiga kelele tu. Kumbe watoto wa nyumba zinazosema Kimvita wanayo tayari mdomoni. Hawajaambiwa tu kwamba ni ile ile.

Jumatano nilikata vipande vya karatasi, upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja, kimoja kwa kila mtoto, kundi la watoto sita. Unakining'iniza mbele ya midomo, umbali wa vidole viwili au vitatu. Ukisema "pin" karatasi inaruka, ukisema "bin" inatulia. Kisha unawapa "spin", na hapo ndipo wanapotoa macho, kwa sababu "p" ipo lakini karatasi haisogei: "s" ikitangulia, pumzi inakwisha. Tumia karatasi ya daftari la kawaida. Ya manila nilijaribu na ni nzito mno, haisogei hata kwa kupiga chafya. Wapo watakaopuliza badala ya kusema, hao waambie waweke neno ndani ya sentensi, maana huwezi kupuliza sentensi nzima. La muhimu zaidi, zima feni. Mimi sikuzima, karatasi sita zikacheza zenyewe na kila mtoto akajiona Mwingereza. Ukishazima, kwa joto la Mombasa una dakika tano, labda saba, kabla darasa halijaanza kujipepea kwa hivyo hivyo vipande.

Irabu karatasi haisaidii. "Cat", "cut" na "cart" zote hutoka kama kat moja, kwa kuwa a yetu ni moja tu. Hapo naweka kidole gumba chini ya kidevu: kwa "cat" taya lishuke na midomo itanuke, kwa "cut" taya lisishuke sana, kwa "cart" sauti ivutwe. Ni kazi ya wiki nyingi na inarudi nyuma kila Jumatatu. Ile "th" inayowatoa jasho walimu kwingine, huku nimeiruka. Anayesema thelathini na dhahabu vizuri hana haja ya somo la "think" na "this". Wachache husema selasini na zahabu, nao nimewaketisha karibu na wenzao wa Mji wa Kale, wanarekebishana bila mimi.

Yule wa dawati la mwisho alisema "spin" mara kumi hivi, karatasi ikamkatalia mara zote, akafurahi. Kisha akaniletea kipande chake. "Ticha, sema kaa wa baharini." Nikasema. Karatasi haikutikisika. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Yako haina pumzi, Ticha." Akanifundisha, mkono wake kiunoni, na nilipoipata mara ya nne akanipigia makofi peke yake.

Jana jioni, nikishuka kwenye feri, begi nimelikumbatia kifuani kama inavyotakiwa saa ya msongamano, ndipo neno la mwalimu wa darasa likanigonga. "Mwalimu, hapa Kiingereza tu." Kiingereza tu, na amelisema lote kwa Kiswahili! Nilicheka mpaka mama mmoja mwenye kapu la ndizi akasogea pembeni. Siku nne nimelibeba nisilione.

Lakini basi sema bado ipo. Nimeshatunga majibu matatu, mawili marefu mno na moja lina maneno ambayo hata mimi huyasoma tu, sijawahi kuyatamka. Jumatatu ni ukurasa wa 36.

Asubuhi nimefunua pipa la maji la uani, lile tunalojaza kwa mitungi ya mkokoteni bomba likikauka, nikakuta viluwiluwi vya mbu vinachezacheza juu juu. Kifuniko kilikuwa wazi tangu pilikapilika za harusi. Nimemwaga yote, nimesugua kuta za ndani kwa brashi kwa sababu mayai hung'ang'ania hapo, nimeanika pipa juani. Mdogo wake bi harusi kalala tangu jana na homa, asema maungo yote yamuuma, hata kushika kikombe. Shangazi asema ni uchovu wa ngoma. Mimi nahofia dengi, homa ya mbu, nimemwambia asimpe dawa yoyote ya maumivu isipokuwa panadoli mpaka apimwe damu, na zahanati ya hapa Jumapili hufungua saa tatu.