Unaomba na nani? Jinsi nilivyorudi kwenye maombi ya alfajiri

Swali hilo aliniuliza mamangu kwa simu mwezi wa Aprili 2021, mimi nikiwa Nakuru na yeye nyumbani, Vihiga. Nilikuwa nimemhakikishia kwamba naomba kila siku, asiwe na wasiwasi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hayo nimesikia, mwanangu. Unaomba na nani?"

Nilijitetea haraka. Nikamkumbusha kwamba tarehe 26 Machi serikali ilikuwa imefunga kaunti tano kwa sababu ya korona, na Nakuru ilikuwa mojawapo. Hakuna kuingia wala kutoka, kafyu ilianza saa mbili usiku, na ibada za ana kwa ana zilikuwa zimesimamishwa. "Makanisa yamefungwa, mama." Naye akanijibu, "Kilichofungwa ni mlango. Watu wako wapi?"

Sikuwa na jibu.

Mama alilelewa katika kanisa la Marafiki, yaani Quakers, wale waliofika Kaimosi mwaka 1902, na ambao leo ni wengi Kenya kuliko nchi nyingine yoyote. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinibeba kwenda kwenye kikundi cha akina mama. Wangeimba, wangesoma, kisha wakafika mahali wakanyamaza wote. Kimya chenyewe kilikuwa kirefu, na mimi mtoto nilikuwa nasinzia humo ndani. Baadaye mmoja angesema neno, labda sentensi mbili tu, na wengine wangeitikia kwa koo. Mmoja akilia, hakuna aliyemuuliza kitu. Aliyekaa karibu naye alimshika mkono. Nilipoolewa na kuhamia Nakuru niliingia kanisa jingine, la kuimba kwa sauti na kupiga makofi, lakini picha ile ya akina mama kwenye viti vya mbao sijawahi kuipoteza.

Mei mosi vikwazo vya kuingia na kutoka viliondolewa na makanisa yakafunguliwa. Mimi sikurudi. Nasema hili bila kujificha kwa sababu najua wengi walifanya hivyo, na wengine hawajarudi mpaka leo. Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa nimezoea kuweka simu kando ya mashine Jumapili, nikasikiliza mahubiri huku napinda mashati ya shule. Mahubiri yalikuwa mazuri, siwezi kuyasema vibaya. Lakini mhubiri hakujua kwamba nipo, wala hakujua dakika niliyozima. Ningeweza kukaa mwaka mzima hivyo nikiwa nimekauka kabisa ndani, na hakuna mtu ambaye angegundua.

Mwezi wa Juni zamu ikageukia magharibi. Kaunti 13, pamoja na Vihiga, Kakamega na Kisumu, ziliwekewa kafyu ya saa moja usiku, ibada zikasimamishwa, na mazishi yakatakiwa kufanywa ndani ya saa 72, watu wasizidi 50. Mama alifariki katika majuma hayo. Tulimzika haraka, tukihesabu watu langoni. Akina mama wa kikundi chake hawakuingia wote. Waliobaki walisimama barabarani nje ya ua, mmoja mbali na mwenzake, barakoa usoni, na wakakaa kimya muda wote wa ibada. Jeneza lilipoteremshwa ndipo wakaimba. Niliwasikia kutoka kaburini, na hilo ndilo nililorudi nalo Nakuru.

Baada ya hapo sikuweza kuomba kabisa. Napiga magoti, maneno hayaji. Septemba niliamua kupanda Menengai, mlima wa volkano ulio karibu na mji. Watu wa Nakuru wanajua: wengi hupanda kule kufunga na kuomba, wengine hukaa siku kadhaa ndani ya mapango. Sidharau desturi hiyo hata kidogo, Bwana mwenyewe alikuwa akijitenga mlimani. Nilibeba chupa ya maji na leso, nikakaa ukingoni nikiangalia lile shimo kubwa chini yangu, na kutoka asubuhi hadi saa tisa sikuweza kutamka zaidi ya "Bwana." Kila nilipojaribu, nilijikuta narudia shida zangu zilezile kwa mpangilio uleule.

Jioni ile, pale steji, nilikutana na mama mmoja wa kanisani kwetu anayeuza mitumba. Nilitaka kupita. Akanishika mkono. "Dada, Bwana asifiwe. Tumekukosa." Nikamjibu amina, nikaanza visingizio, halafu nikachoka navyo nikamwambia ukweli: siwezi kuomba. Hakushtuka. Akasema wao hukutana kanisani kila alfajiri, saa kumi na moja, na wako watatu tu. "Njoo ukae. Kuomba tutaomba sisi."

Kanisa letu liko upande wa Kaptembwa, la mabati, na alfajiri ya Nakuru ina baridi inayopenya sweta. Niliwakuta watatu hao: yeye mama wa mitumba, mzee mmoja ambaye ni mlinzi na hupitia hapo akitoka kazini, na kijana wa boda boda. Hawakuniuliza nimekuwa wapi. Mzee alisogeza benchi. Waliomba kwa zamu, kwa sauti ya chini, na kila mmoja alitaja jina langu. Niliitikia amina, basi. Kesho yake hivyo hivyo. Nilikaa karibu wiki tatu nikiwa bubu, nikiitikia maombi ya wengine, na hiyo ndiyo dawa ambayo Menengai sikuipata: mtu mwingine alikuwa na maneno siku ambayo mimi sikuwa nayo.

Siku moja mzee alisoma Matendo ya Mitume 12, pale Petro yuko gerezani na kanisa limekusanyika nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, likiomba. Petro anafunguliwa, anakuja kubisha mlango, kijakazi Roda anakimbia kuwaambia, na wao wanamwambia ana wazimu. Mzee akacheka kwa furaha. "Mnaona? Walikuwa wanaomba na hawakuamini wenyewe. Lakini walikuwa pamoja." Neno hilo lilinifungua kifua. Siku zote nilidhani ni lazima imani yangu iwe imekamilika kwanza ndipo niende mbele za watu.

Asubuhi iliyofuata tulipofika kwenye Baba Yetu, nilijikuta natamka. Nilikuwa nimeisema sala hiyo tangu utotoni, lakini siku hiyo niliisikia: utupe, utusamehe, utuokoe. Riziki yetu. Deni zetu. Hakuna mahali ndani yake pa kusema "nipe." Nikiisema peke yangu chumbani bado nawabeba wengine, na sasa nilikuwa naona nyuso zao.

Desemba mzee alinikabidhi ufunguo wa kanisa, kwa kuwa naishi karibu. Tangu hapo kazi yangu imekuwa kufungua mlango, na ndiyo maana nataka kueleza tumefanyaje mpaka maombi haya hayajafa, maana nimeona mengi yakianzishwa kwa kelele Januari na kufifia kabla ya Pasaka.

Kubwa ni muda. Tunaanza saa kumi na moja kamili na saa kumi na mbili kasorobo tumemaliza. Mama mboga anapaswa kuwahi soko, kijana wa boda anawahi abiria wa kwanza, na mimi nina watoto wa kuandaa. Zamani mtu mmoja angeomba dakika ishirini akizunguka dunia yote, na wengine wakabaki wanawaza sufuria zao. Tulikubaliana sala ziwe fupi na ziwe nyingi. Hakuna mahubiri. Anayetaka kufundisha anayo Jumapili. Kulikuwa na ndugu aliyeona tunamzimisha Roho kwa saa, tukamsikiliza, na bado tukashikilia. Mtu akijua atatoka kwa wakati, kesho atarudi.

Tuna daftari pia. Tunaandika jina, ombi na tarehe, na Mungu akijibu tunaandika tarehe nyingine pembeni. Kuna kurasa zenye tarehe moja tu mpaka leo, na hizo nazo tunazisoma.

Jambo lililotuumiza zaidi lilitokea mwaka wa kwanza. Mama mmoja aliomba hivi: "Bwana, mkumbuke dada yetu ambaye mume wake ameanza kulala nje." Akamtaja jina. Dada huyo alikuwa amemwambia yeye peke yake. Kufikia saa sita mchana mtaa ulikuwa unajua. Umbea ukivaa nguo ya maombi ni mbaya kuliko umbea wa kisimani, kwa sababu aliyeumizwa hana hata pa kulalamikia. Dada hakuja kwa miezi miwili. Tulimwendea nyumbani, wanne, na aliyekosea ndiye aliyetangulia kuingia na kuomba msamaha. Hakusamehe siku hiyo. Tulirudi mara tatu. Sasa tunataja jina tu, na habari za ndani atazisema mwenyewe akitaka. Dada amesharudi, na ndiye mtunza daftari.

Kisha ukaja mwaka 2022, mwaka wa uchaguzi. Nakuru haijasahau ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008. Mzee wetu nyumba yake iliteketea wakati ule, na kijana wa boda alikuwa mtoto aliyelala siku kadhaa kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na familia nyingine zilizokimbia. Uchaguzi ulipokaribia tulikuwa kama watu kumi na wawili, wa makabila manne, na kila mtu alijua mwenzake anaelekea wapi. Palianza ukimya wa ajabu kwenye benchi, si ule wa mama zangu wa Vihiga. Mzee ndiye aliyeuvunja. Akapendekeza kwamba mpaka mambo yaishe asiwepo wa kumwombea mgombea ashinde. Badala yake kila mmoja amwombee jirani wa kabila jingine, kwa jina, na nyumba yake. Tulifanya hivyo kuanzia mwishoni mwa Julai. Tulipiga kura tarehe 9 Agosti, matokeo yakatangazwa tarehe 15, jioni. Alfajiri ya tarehe 16 nilifungua mlango nikiogopa kwamba sitamwona mtu. Walikuja tisa. Mama wa mitumba alikuwa amefurahi na mama mboga alikuwa amelia usiku kucha, na wote wawili wakakaa benchi moja. Mama wa mitumba aliomba akisema, "Bwana, mpe dada yangu nguvu," na sauti ikamkatika hapo.

Hatujawahi kuwa wengi. Tumefika kumi na tisa, tumeshuka hadi watano wakati wa mvua, sasa tuko kumi na moja hivi. Kanisa lina waumini wengi zaidi ya hao na wengi hawajawahi kuja alfajiri hata mara moja. Ilinisumbua mwanzoni, siku hizi nashughulika na mlango wangu.

Mwaka jana niliugua homa ya mapafu, nikalala nyumbani karibu mwezi. Ufunguo nilimpa kijana wa boda. Siku ya pili, saa kumi na moja na dakika chache, simu yangu ikaita. Alikuwa yeye. "Mama, tumekuweka kwenye benchi," akasema. Walikuwa wameweka simu katikati yao, sauti imefunguliwa. Nilisikia benchi likisogezwa, nikasikia kikohozi cha mzee, nikasikia jina langu. Kisha wakanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika, nikaangalia kioo, dakika zilikuwa zinahesabu. Walikuwa wananingoja mimi niitikie amina.