Ukihamia Dodoma, kabla ya kuangalia nyumba angalia simtanki za majirani

Saa nane usiku nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, kanga mabegani na sweta juu ya kanga, nasikiliza bomba la uani. Lina vituko vyake lile bomba, linaanza kwa kukohoa, afu linatoa pumzi ndefuu kama mzee aliyepanda ngazi, afu kimya, unaanza kusinzia, ndo maji yanakuja ya rangi ya chai ya maziwa kwanza, unayaacha yapite mpaka yatakate, unaanza kukinga. Ndoo, ndoo, diaba, pipa, mpaka sufuria la pilau. Baba watoto ndani anakoroma, zamu yake ni Alhamisi. Hiyo ilikuwa wiki yetu ya tatu Dodoma, na nyumba ndo ile ile niliyoichagua mwenyewe kwa mbwembwe zote, nikarusha picha kwenye grupu la familia, bimkubwa akajibu makofi kumi na kitu.

Naandika hii kwa sababu kila mwezi lazima nipokee meseji ya mtu wa Dar, "dada nimehamishiwa huko, mtaa gani mzuri?" na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Sisi ni watu wa Tabata. Mwenzangu yuko wizarani na ofisi yao iko Mtumba, kwenye mji wa serikali. Mimi nafanya mahesabu kwa mfanyabiashara mmoja mjini, karibu na soko la Majengo. Mtoto alikuwa anaanza la kwanza. Hapo tayari umeshaona tatizo, maana Mtumba iko barabara ya kurudi Dar, kama kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji, kwa hiyo ukikaa karibu na mmoja umemtesa mwingine, na mtoto naye ana gari lake la shule linalopita linakotaka lenyewe sio unakotaka wewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza watu. Yaani kuuliza ni vizuri ila Dodoma kuna kitu inabidi ukijue kwanza: kila mtu ana kiwanja. Mlinzi ana kiwanja, mwalimu ana kiwanja, yule dada anayenisuka ana viwili. Tangu 1973 watu wanaambiwa hapa ndo makao makuu wanaitikia tu, afu 2016 Magufuli akasema serikali inahama na kweli ikahama, basi kila mwenye laki zake akakimbilia kukamata kipande. Sasa ukimuuliza mtu kama huyo akae wapi mgeni, hakujibu wewe, anakijibu kiwanja chake. Mmoja wa ofisini kwa mwenzangu akatuambia nendeni Nala, barabara ya mzunguko inapita kule, ile ya kilomita 112. Mwingine akasema Msalato bana, uwanja mpya wa ndege unajengwa. Shemeji yangu akang'ang'ania Ihumwa na mambo ya reli. Wote wananipa habari za mwaka 2030, mimi nataka pa kulala Jumatatu.

Nikaja kutafuta mwenyewe, na nikaja mwezi wa tano, kosa la pili. Mwezi wa tano Bunge la bajeti limechachamaa, linaanza mwezi wa nne mpaka mwisho wa sita, mji umejaa waheshimiwa na madereva wa waheshimiwa na watu wenye shida na waheshimiwa. Gesti niliyozoea kulala nikija kikazi nikaambiwa imejaa, ya pili imejaa, ya tatu chumba kipo ila bei imepanda juu huko. Kwa hiyo nilikuwa na siku mbili tu za kutafuta nyumba maana ya tatu sikuwa na hela ya kulala. Ukiwa na uwezo wa kuchagua tarehe, usije kutafuta nyumba wakati wa bajeti, na madalali nao muda huo ukiwaomba punguzo wanakucheka.

Dalali wangu alikuwa kijana mmoja ana bodaboda, anacheka muda wote, "Mbukwa mama!", ndo salamu ya Kigogo hiyo, nami nikaipenda nikamwamini hapo hapo. Elfu kumi ya kuonyeshwa, na nyumba ukiichukua yeye ana kodi ya mwezi mmoja. Nilijua, Dar ni hivyo hivyo. Tukazunguka Area C, Area D, huko pazuri na mjini ni karibu ila bei ni za watu wengine. Tukaenda Kisasa, nikapenda, zilizokuwa wazi zote kubwa. Jioni jua linazama akanipeleka upande wa chuo kikuu, mtaa wenyewe sitautaja, una watu wazuri na tumeachana nao vizuri. Barabara ya udongo mwekundu, miti michanga, upepo mtamu, halafu nyumba sasa! Vyumba vitatu, kimoja masta, tailizi mpaka jikoni, jipsamu ina mataa ya rangi, madirisha ya alumini ya kusukuma. Nikamuuliza Mtumba je? "Mama yangu, pua na mdomo." Mjini? "Pua na mdomo." Maji? Akafungua bomba la jikoni, maji yakatoka kwa nguvu mpaka yakanirukia. Nikalipa miezi sita.

Yale maji yalitoka kwenye simtanki ya juu iliyokuwa imejaa, imejazwa na boza, mwenye nyumba aliijaza kwa ajili ya wateja, hili nilikuja kuambiwa na mama wa genge baadaye kwa sauti ya chini. Bomba lenyewe la mtaani lilikuwa na ratiba, mara mbili kwa wiki, usiku. Na pua na mdomo ile, ukijumlisha kutoka na bodaboda mpaka lami, kusubiri daladala, kushuka, kupanda nyingine, mwenzangu alikuwa anatoka saa kumi na moja na nusu asubuhi.

Watu wa Dar hili la maji hatulielewi haraka. Kwetu maji yakikata unalaumu unanunua dumu maisha yanaendelea. Dodoma ni nchi kavu, mvua ni Desemba mpaka Aprili, ikishaisha imeisha, mpaka mwisho wa mwaka hutasikia hata tone la kudanganyia. Maji ya mji sehemu kubwa yanatoka visimani Mzakwe. Sasa sensa ya 2012 mji ulikuwa na watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179, miaka kumi tu hiyo, na kila aliyehamia kaja na mashine ya kufulia. Ndo maana mtaa na mtaa vinatofautiana kabisa, huku yanatoka kila siku, ng'ambo ya korongo wanakesha.

Afu kuna utamu wenyewe. Sehemu nyingine maji yana chumvi, unapaka sabuni inagoma kutoa povu, unakoga unatoka unanata, chai inakuwa na ladha kama umeichemsha na sarafu. Wenyeji wamezoea hata hawaisikii. Mimi nilijua siku nilipoangalia ndani ya birika letu la umeme, lililonunuliwa jipya wiki tatu nyuma, chini limeota gamba jeupe ukilikwangua kwa kijiko linatoka vipande kama ganda la yai.

Na vumbi. Yale madirisha ya alumini niliyoyapenda, ikifika mwezi wa saba upepo wa Dodoma unapita kwenye ile reli ya kusukumia kama umealikwa, asubuhi unaandika jina lako mezani. Baridi nayo, jamani, mwezi wa sita na wa saba mtoto wa Dar nilivaa soksi kitandani. Ila hilo la baridi nimeshalipenda sasa, nisiseme uongo.

Miezi sita ilivyokaribia kuisha tukasema safari hii tunatafuta kama watu wazima. Kwanza nikaacha kuuliza "mtaa gani mzuri". Nikaanza kwenda mwenyewe, na kuangalia juu. Simtanki. Ukiingia mtaa ukakuta kila paa lina la lita 5,000 na chini kuna lingine na pembeni pipa, hao watu wanakuambia kitu bila kufungua mdomo. Ukikuta mtaa mzima wana visimtanki vidogo au wengine hawana kabisa, na kuna mtu anamwagilia mchicha mchana, hapo simama, ulizia nyumba. Nimelitumia hili mitaa mitano na halijanidanganya.

Pili kuta. Kuna maeneo Dodoma yana udongo wa mbuga, mweusi, kiangazi unapasuka unaweza kutumbukiza mkono na masika unavimba, nyumba juu yake inacheza, utaona ufa unaanzia kona ya dirisha unapanda kwa mshazari mpaka juu. Rangi mpya inauficha, kwa hiyo mimi nilikuwa siangalii nyumba ninayoonyeshwa, naangalia ukuta wa jirani ambaye hapangishi. Pia angalia misingi. Ukiona nyumba zote za mtaa zimenyanyuliwa ngazi tano sita na hakuna kilima hapo, jiulize wanakimbia nini. Kiangazi korongo linaonekana kama njia ya mbuzi, ngoja Januari.

Tatu, dalali nikamwachia kazi ya funguo tu. Maswali nikampelekea mama muuza mboga, kinyozi na yule wa kuuza vocha pale kituoni. Mama wa mboga hana cha kukuuzia zaidi ya nyanya, ukinunua za buku mbili anakupa mtaa mzima, maji siku gani, nani kaibiwa, baa ipi inapiga mziki mpaka asubuhi, kwa nini waliokuwa kwenye nyumba ile walihama. Na nikaomba kuangalia birika. Nacheka ila kweli, nilibisha hodi kwa mama mmoja wa Kigogo nikamwambia shikamoo mama, nataka kuhamia hapo jirani, naomba nione birika lako. Akaniangalia kwanza. Afu akacheka sana, akanitolea sufuria analochemshia chai, jeusi nje, ndani safi kabisa. Akaniwekea na mlenda mkavu kwenye mfuko, akasema ukishindwa kuupika njoo nikufundishe. Nilishindwa, nikaenda.

Nne, na hii baba watoto ndo aliifanya, Jumatatu moja alikwenda kusimama kituoni saa kumi na mbili asubuhi akiwa amevaa kabisa kama anaenda kazini kutokea hapo, akapanda, akapima. Jumapili dalali anakupeleka kwa bodaboda dakika nane barabara nyeupe. Jumatatu ndo ukweli.

Tukaishia Nzuguni. Watu wa mjini wananiuliza mbona mbali, mbali na nini? Iko katikati ya kwangu na kwake, yeye anaelekea Mtumba mimi naelekea mjini, barabara ni hiyo hiyo ya Dar. Stendi kuu ya mabasi ya Nanenane iko hapa, soko la Job Ndugai liko hapo hapo, ndugu wakija kwa basi wanashuka karibu na nyumbani, ambayo ni faida na hasara, wenye ndugu mnanielewa. Nyumba yenyewe ya kawaida. Jipsamu hakuna, tailizi sebuleni tu, luku yetu wenyewe hatushei na mtu. Madirisha ya zamani ya nondo na vioo nimeyawekea pazia nzito. Vumbi bado lipo, hilo ukihamia Dodoma umeoa, usitafute mtaa usio na vumbi utazeeka. Nane Nane ikifika mwezi wa nane kelele na foleni ni wiki nzima, mnavumilia. Ila bomba linatoa maji mchana, mchana kweupe, na wiki ya kwanza nilikuwa naamka saa nane usiku kwa mazoea, nakaa kitandani nasikiliza, hakuna linalokohoa.

Kitu kimoja ningerudia ningekifanya tofauti, ningekuja peke yangu nikapanga chumba kimoja cha uani mwezi mmoja au miwili, godoro na jiko la gesi, afu nikatafuta taratibu. Miezi sita ya kodi ya nyumba nzuri isiyo na maji ni hela nyingi kuliko chumba na nauli. Wengine wanamwacha mtu wa familia Dar kwanza, na treni ya sasa hivi hii tangu 2024 wiki endi anakwenda na kurudi bila kuumia, sisi tulikuwa na haraka ya shule ya mtoto.

Kwa hiyo dada, kaka, uliyeniuliza mtaa gani mzuri, mimi nakwambia Nzuguni. Ila sikufichi, mwezi uliopita tumenunua kiwanja huku huku, mita mia sita, kwa hiyo ushauri wangu nao uuchuje. Na cha jirani yake bado kipo, mwenyewe ana shida ya hela.