Kabla hujanunua kifuniko cha dirisha la besimenti

Mvua za Aprili na Mei zikianza hapa Ohio, Marekani, simu yangu haipumziki, na maneno ni yale yale: fundi, maji yanaingia besimenti kwa dirishani, nimeona vifuniko vya plastiki dukani, nichukue kipi? Nimeona niandike hapa mara moja, mtu akiuliza namtumia linki, maana voisi noti ya dakika kumi hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho.

Kwa mlio nyumbani ambao hamjawahi kuishi kwenye nyumba za huku, besimenti ni chumba, mara nyingi ghorofa nzima kabisa, iliyochimbiwa chini ya ardhi. Chanzo ni baridi. Ardhi ya huku winta inaganda, ikiganda inavimba na inanyanyua chochote kilichokaa juu yake, kwa hiyo msingi lazima ushuke chini kupita pale barafu inapofika. Minnesota kwa mfano upande wa kusini sheria inataka inchi 42, kaskazini inchi 60. Sasa mtu ameshachimba futi tano kwa ajili ya msingi tu, si anaongeza kidogo apate na chumba. Shida inabaki dirisha, maana liko chini ya usawa wa udongo, ndo wanachimba shimo dogo nje mbele ya dirisha, wanalizungushia bati nene la migongo lililokunjwa nusu duara, chini wanamwaga kokoto. Mwanga unaingia, hewa inaingia, na mvua nayo inaona njia. Vile vifuniko vya dukani ni vya kuweka juu ya shimo hili.

Watu wengi wakiona maji ndani ya shimo wanadhani yametoka juu, yani mvua imenyesha ndani ya shimo likajaa. Tupige hesabu. Shimo kubwa, lile ambalo mtu anaweza kutokea, kisheria eneo lake lisipungue futi za mraba 9, tuchukue hizo 9. Mvua ya inchi moja ikinyesha humo, unapata kama lita 21. Ndoo moja. Haya, chukua paa la nyumba hiyo hiyo, tuseme futi za mraba 1,000 tu, nyumba ndogo. Mvua ile ile ya inchi moja inakupa kama lita 2,360, ambazo ni ndoo 118 za lita 20. Ukiwa na mabomba manne ya kushusha maji ya gata (ile mifereji ya ukingoni mwa paa), kila moja linamwaga karibu ndoo 30 pembeni ya ukuta wako. Na mvua za radi za huku inchi moja inaweza kushuka kwa muda mfupi sana, hata chai hujamaliza.

Kwa hiyo ukinunua kifuniko cha dola mia ukaacha bomba la gata linamwaga futi mbili kutoka kwenye shimo, umezuia ndoo moja na umeruhusu 30. Mimi huwa nawaambia watu hivyo hivyo na kuna wanaonuna, wanaona kama sitaki kazi.

Kuna mzee mmoja mtu wa Bukavu, anakaa upande wa mashariki mwa mji wa Columbus hapa Ohio, aliniita akaniambia, "Mwanangu, nilisha weka ile ya plastike, lakini maji iko inaingia tu." Nikamwambia baba, twende nje kwanza. Kifuniko kilikuwa kizuri, kimefungwa vizuri, hakina hata ufa. Lakini pembeni pale bomba la gata lilikuwa limeishia na kile kiwiko chake cha chini, na kiwiko kimeelekea kwenye shimo, udongo wa pale umechimbika mpaka ukaona ukingo wa bati kwa nje, umekuwa mfereji kamili. Maji hayakuwa na haja ya kupita juu ya kifuniko, yalikuwa yanapita nyuma ya bati, yanashuka na ukuta, yanatokea chini kwenye kokoto. Tukaunga bomba la kurefusha, futi kumi, tukaligeuza lielekee barabarani, tukajaza udongo na kuushindilia. Kazi ya jioni moja na kifaa cha bei ya pizza. Mzee akauliza, "Sasa ile plastike nilinunua ya nini?" Nikamwambia usiitoe baba, ina kazi yake.

Na kweli ina kazi yake, nitafika huko. Ila utaratibu ni huu, anzia juu ushuke. Gata zimeziba majani? Safisha, maana gata ikijaa inafurika kwa mbele na maji yanadondoka wima, na kama shimo liko chini yake basi linapokea kama bomba. Mabomba yanamwaga wapi? Yapeleke mbali, futi sita, kumi, kadiri kiwanja kinavyoruhusu, lakini usimwelekezee jirani. Halafu mteremko. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinataka ardhi ishuke inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Nyumba ikiwa mpya inakuwa hivyo, baada ya miaka udongo uliojaziwa pembeni ya msingi unazama wenyewe, mteremko unageuka unaelekea nyumbani. Alafu mwenye nyumba anakuja na bustani ya maua, anazungushia mawe ya urembo, anamwaga magome ya miti yale meusi, tayari katengeneza bwawa kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe na anapiga picha anaposti. Udongo wa huku kwetu katikati ya Ohio ni mfinyanzi mtupu, maji hayazami haraka, yanakaa yanatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni dirishani kwako.

Ukimaliza juu shuka ndani ya shimo lenyewe. Toa majani, toa mipira ya watoto, toa yule chura. Chini ya kokoto kunatakiwa kuwe na bomba la kupeleka maji kwenye lile bomba lenye matundu linalozunguka msingi, ambalo linaishia kwenye shimo la pampu ya kusukuma maji nje, ndani ya besimenti. Nasema kunatakiwa, kwa sababu nyumba nyingi za zamani hakuna, kuna kokoto kidogo juu ya udongo basi. Kujua ni rahisi: chukua mpira wa kumwagilia bustani, mwagia maji ndani ya shimo kwa dakika chache, mwenzako akae ndani anaangalia dirisha. Maji yakizama upesi uko salama. Yakisimama na kuanza kupanda, zima mpira, hapo una bomba lililoziba tope au huna bomba kabisa, na hakuna kifuniko duniani kitakachotibu hilo, maana maji ya ardhini yanapanda kwa chini. Ukiamua kuchimba, kwanza piga simu 811, ni bure, wanakuja kuchora chini rangi kuonyesha nyaya na mabomba ya gesi yanapita wapi. Piga siku chache kabla. Sitaki kusikia mtu wetu kapiga sururu kwenye bomba la gesi kisa dirisha. Na ukijaza kokoto mpya zioshe au nunua zilizooshwa, zisifike kwenye kizingiti cha dirisha, ziache chini yake inchi kadhaa.

Angalia pia bati linapokutana na ukuta. Bolti zinaoza, udongo unasukuma, bati linaachana na zege kidogo kidogo mpaka kiganja kinapita. Hapo unasugua ukuta kwa brashi ya waya mpaka vumbi liishe, unafunga bolti mpya, unapaka silanti ya poliyurethani, ile gundi ya kuziba nyufa. Silikoni ya bafuni usipake hapo, kwenye zege lenye vumbi na unyevu inabanduka. Na ukingo wa juu wa bati uwe juu ya udongo, inchi nne hivi, ukiwa sawa na majani basi ni kama hakuna.

Sasa vifuniko. Kazi yake ya kwanza kwa maoni yangu ni majani kuliko hata mvua, kwa sababu majani ya Oktoba ndo yanayoziba lile bomba la chini na ndo yanakuletea mafuriko ya Aprili. Ya pili ni theluji, shimo likijaa theluji na kikaja kijua cha ghafla mwezi wa pili au wa tatu wakati ardhi bado imeganda, maji yale hayana pa kuzama. Ya tatu ni watoto na wanyama. Sungura wanatumbukia sana humo, na siku akitumbukia kicheche mtanijua.

Kile cha plastiki chepesi chenye umbo la kuba ndo cha bei nafuu, kinafaa pale ambapo dirisha limezidi ukingo wa shimo kwa juu, lakini jua linakikausha, baada ya miaka kinakuwa cha njano na ukikigusa kinapasuka, na hakibebi mtu, mtoto akikanyaga anaingia nacho. Kile bapa cha polikaboneti, plastiki ngumu, chenye fremu ya alumini ni ghali, lakini kile kizuri mtu mzima anasimama juu yake. Kuna cha nondo, kama wavu wa chuma, kinazuia mtu asitumbukie ila mvua inapita yote, sasa usinunue hicho alafu ulalamike. Chochote utakachochagua kiwe kimeinama kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ukutani. Na usipime dirisha, pima shimo: upana pale penye upana zaidi, kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje, halafu kutoka ukutani mpaka mbele kabisa. Mashimo hayafanani hata kwenye nyumba moja, bati linakuwa limebonyea na udongo, kwa hiyo usipime moja ukanunua manne.

Kabla hujafunika chungulia kama kuna bomba lolote linalotokea humo. Nimeona nyumba bomba la mashine ya kukaushia nguo linapumulia ndani ya shimo, ukifunika unyevu wote unarudi dirishani. Kama ni bomba la moshi wa hita ya gesi usifunike kabisa, hewa ya sumu ile haina harufu.

Hapa sasa nataka mnisikilize vizuri. Kama kuna mtu analala besimenti, lile dirisha ni mlango wake wa moto. Kanuni zinataka uwazi wa dirisha usipungue futi za mraba 5.7, kimo inchi 24, upana inchi 20, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Shimo likizidi kina cha inchi 44 linatakiwa ngazi ya kudumu. Na kifuniko kiwe cha kufunguka kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa, bila kutumia nguvu za ajabu.

Nilikuwa kwa mama mmoja kumtengenezea pampu, nikaona nje kifuniko cha plastiki kimewekewa matofali mawili ya zege juu.

"Shikamoo mama, haya matofali ya nini?"

"Marahaba baba, upepo. Kinapeperuka kila siku, mwezi uliopita tumekifuata kwa jirani."

"Na huku chini analala nani?"

Akanyamaza kidogo. "Binti yangu yule wa sekondari."

Nikamwambia mwite. Binti akashuka chumbani kwake, akafungua dirisha, akasukuma kifuniko kwa mikono miwili. Hakikutikisika. Tukayatoa matofali siku hiyo hiyo, tukafunga zile klipsi za springi zinazoshika ukingo wa bati, akasukuma tena, kikaruka. Akajaribu na gizani, taa imezimwa, kwa sababu moto haukuachii taa.

Na sio moto tu. Tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalipofika New York, Central Park ilipata inchi 3.15 za mvua kwa saa moja, na watu 11 walikufa kwenye makazi ya besimenti, wengi wao Queens, wengi wahamiaji kama sisi waliopanga chini kwa sababu ndo kodi inayowezekana. Mvua ya namna ile kifuniko hakizuii chochote. Ikinyesha hivyo usikae chini kuokoa zulia, panda juu.

Maji yakishaingia kidogo, kausha ndani ya saa 24 mpaka 48 kabla ukungu haujaanza, na sponji ya chini ya zulia ikilowa itoe tu, usiihurumie. Bima ya kawaida ya nyumba haitalipa maji yaliyoingia kutoka ardhini nje, wengi wanajua siku ya kudai. Kuna bima ya mafuriko ya serikali, ila kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30 na kwa besimenti inalipa vitu kama hita na boksi la umeme, zulia na makochi hapana.

Kama umepanga, usitoboe ukuta wa watu. Piga picha shimo likiwa na maji, mtumie mwenye nyumba kwa meseji iliyoandikwa, sio simu, mwambie mambo matatu: gata, bomba la chini ya kokoto, kifuniko kinachofunguka kwa ndani. Akikuletea kifuniko peke yake mrudishie picha ya gata.